Miaka Yangu ya Kutia Moshi Pasipo na Hewa

Bwana Ahimbisibwe, mwenye karakana yetu, amenipa daftari jipya na kalamu mbili, akaniambia niandike niliyoyaona kazini ili ninyi mnaobaki msirudie ujinga wetu. Kalamu mbili maana yake anadhani ujinga ulikuwa mwingi. Sitaandika habari za vyeo wala mishahara. Cheo changu kilibandikwa mlangoni kwenye karatasi ya daftari, na mshahara wangu mliuona kila siku kwenye viatu vyangu. Nitaandika habari za moshi, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, kwanza kwenye malori, halafu kwenye vyombo vya anga, na mara zote mbili nilijiona bingwa.

Kwa atakayelisoma daftari hili bila kutujua, karakana yetu iko ghorofani, juu ya gereji, hapa Mbarara. Tunachora moto, moshi na mwanga kwa ajili ya michezo ya kompyuta. Mteja wetu mkubwa yuko ng'ambo. Yeye anatengeneza mchezo wa vita vya angani, na sisi tunamtengenezea kile kinachotoka nyuma ya injini. Wengine wanajenga chombo, sisi tunajenga mkia wake. Siku nilipomweleza shemeji yangu aliyeko Burundi kwamba hiyo ndiyo kazi yangu, aliuliza kama ninapata chakula.

Siku yangu ya kwanza kazini naihesabu kuanzia Kabazana, kule wanakoandikishwa wakimbizi wapya kabla ya kupewa viwanja katika makazi ya Nakivale. Karani aliniuliza nilikuwa nafanya kazi gani. Nikasema fundi wa malori. Akauliza ya petroli au ya dizeli. Nikasema dizeli. Akaandika "mkulima", kwa kuwa kiwanja nilichokuwa nangojea kilikuwa cha kulima. Wakanipa kiwanja Rubondo, kijiji kimoja humo makazini, nikapanda maharage, na msimu haujaisha maharage yenyewe yalionyesha wazi kwamba karani alikosea.

Ndipo nikaja Mbarara kutafuta gereji. Niliyoipata ilikuwa ya Afande Bafaki, sajini mstaafu aliyetengeneza magari ya jeshi miaka mingi na kufungua gereji chini ya nyumba ya ghorofa, nyuma ya ukuta wa kambi. Wateja wake walikuwa askari na wake zao, wenye pikapu zilizokwisha chakaa kabla hazijanunuliwa. Afande alikuwa na sheria moja: hakuna kufungua boneti kabla hujasema gari linaumwa nini kwa kuangalia moshi.

"Wewe Murundi, kuja hapa," aliniambia asubuhi ya kwanza. "Usiguse kitu. Angalia tu. Hii gari nagonjwa nini?"

Nikasema moshi ni mweusi.

"Mimi iko na macho. Nauliza nagonjwa nini."

Nikasema inakula mafuta mengi na haipati hewa. Akanipa kitambaa cheupe cha mkononi, akanionyesha jinsi ya kukishika mbele ya bomba la moshi na kusoma doa lililobaki. Kavu na jeusi ni mafuta mengi. Lenye utelezi ni oili inayoungua. Likilowa maji, mwambie mwenye gari akae chini kwanza. Mke wa Afande alilalamika kwamba nyumba nzima haina kitambaa cha kufuta kamasi. Nilifanya kazi pale miaka mingi, nikajifunza kusikia pete za pistoni zilizokwisha nikiwa bado upande wa pili wa barabara. Kitambaa kile ninacho hadi leo, na mke wangu hakitaki ndani ya nyumba.

Bwana Ahimbisibwe alipanga ghorofa iliyo juu ya gereji yetu akiwa kijana aliyetoka kusomea kompyuta. Siku moja akashuka na simu mkononi, akaniomba nipige resi kwenye lori moja ili arekodi moshi. Nikamuuliza wa nini. Akanipandisha ngazi, nikaona vijana sita mbele ya kompyuta sita, na kwenye skrini moja chombo cheupe kikipita katikati ya nyota kikiacha moshi wa kibuluu nyuma yake.

"Hiki kinakunywa oili," nikasema. "Pete za pistoni zimekwisha."

Vijana wote sita wakageuka. Bwana Ahimbisibwe akaniangalia mimi, akaangalia skrini, akasema, "Kale," yaani haya, "muzee, kesho kuja uanze." Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Hakuna aliyekumbuka kuuliza kama chombo cha anga kina pete za pistoni.

Asubuhi iliyofuata nilikuta mche wa sabuni juu ya meza yangu, kwa heshima ya vitufe vya kompyuta. Kipanya nilikishika kama spana ya kumi na saba, na siku ya tatu kikavunjika. Lakini moshi niliuelewa. Wenzangu walikuwa wanachora moshi wa urembo, unaofanana kwenye kila chombo. Mimi nilikipa kila chombo ugonjwa wake. Nilitengeneza kadi kwa kila kimoja: umri, mara ya mwisho kubadilishwa oili, tabia ya dereva. Chombo cha adui kilitoa moshi wa kibuluu, kwa sababu mtu mbaya habadilishi oili. Chombo cha mizigo kilitoa mweusi mzito kila kilipoongeza mwendo. Mteja akaandika kuuliza mbona kinahangaika hivyo na angani hakuna mlima. Nikamjibu kwamba basi mzigo ni mzito. Akaridhika.

Na dereva alipoachia pedali ya mafuta, chombo changu kilipunguza mwendo chenyewe, kikainamisha pua kidogo, kikatikisika mara mbili, kikasimama. Mtikisiko ule ulinichukua wiki nzima. Mteja alituandikia kwamba vyombo vyetu vina uhai, kwamba mtu akiviona anahisi vimefanya kazi. Nilimwambia kijana anayekaa karibu nami achapishe barua ile, nikaiweka ndani ya Misale yangu.

Mambo yakaendelea hivyo mpaka alipokuja Mwalimu Goreti.

Goreti ni Mrundi mwenzangu, naye anakaa Rubondo. Alifundisha fizikia kwenye sekondari kule nyumbani. Diploma yake ni ya Kifaransa, na ofisi alizopita zilikuwa hazijampata mtu wa kuitambua, kwa hiyo alikuwa akishika chaki kwa kujitolea katika kanisa dogo la huko. Bwana Ahimbisibwe alimchukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Kazi yake ilikuwa kucheza mchezo kutwa na kuandika makosa anayoyaona. Kazi yangu ilikuwa kumsimamia, na mwisho wa miezi mitatu kuandika karatasi ya kusema anafaa au hafai. Kwa mkimbizi karatasi kama ile si jambo dogo. Ukitoka Kabazana na jina lako tu, kila karatasi inayoongezeka inakuongezea kimo.

Wiki ya tatu akaleta orodha yake. Kwenye safu ya chombo chenye kosa ameandika: "Vyote." Kwenye safu ya sababu: "Hakuna hewa."

Kikao chetu kilikuwa kila Ijumaa saa nne. Siku ile wote tulikuwepo, na Afande Bafaki alikuwa amepanda kunywa chai yetu kama kawaida yake. Nikaamua kumrekebisha Mwalimu kwa upole mbele ya wote.

"Mwalimu," nikamwambia, "weye unataka kutoa moshi kwenye vyombo vyangu. Injini isiyotoa kitu imezimwa."

"Sijasema haitoi kitu, muzee. Moteri inatupa gazi nyuma, chombo kinakwenda mbele. Iyo ni sawa kabisa. Lakini moshi wa lori unabaki barabarani kwa sababu hewa inaushika. Kule hakuna wa kuushika. Gazi ikitoka inatawanyika palepale, basi. Utaona mwanga kidogo kwenye mdomo wa moteri. Nyuma yake ni giza tu."

"Na kusimama? Kusimama nako nimekosea?"

Aliuliza, kama wanavyofanya walimu. "Madereva wakiteremka kule kwenda Kikagate, gia wanaifanya nini?"

Kila fundi wa Mbarara anajua wanaifanya nini. Wanaiweka huru ili waokoe dizeli, halafu wanatuletea breki zilizoungua.

"Wanaweka fri," nikasema. "Na ni makosa."

"Ni makosa. Lakini lori linasimama?"

"Litasimamaje? Linakimbia mpaka chini. Linakuja kushikwa na kilima cha mbele, na matairi, na upepo."

"Sasa toa kilima, muzee. Toa matairi. Toa barabara na upepo. Nani analisimamisha?"

"Hakuna," nikasema.

"Na chombo chako kinasimama dereva akiachia mafuta. Nani amekisimamisha?"

Afande Bafaki alicheka mpaka chai ikamtokea puani. "Murundi, huyu mama naua wewe bila bunduki," akasema. Goreti hakucheka. Akaeleza kwamba angani dereva anayetaka kupunguza mwendo anakigeuza chombo, mgongo uelekee kule anakokwenda, ndipo anawasha moto. Afande akauliza kama maana yake ni kufika kwa watu umetanguliza makalio. Goreti akasema ndiyo, afande, ni hivyo. Hapo hata Bwana Ahimbisibwe akacheka, na mimi nikakusanya kadi zangu za magonjwa, nikasema nina kazi.

Ninyi mnaosoma mnaweza kudhani sikumwelewa. Nilimwelewa siku ileile, vizuri kuliko wote mle chumbani, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nabadilisha breki za malori yale. Ningekuwa sijaelewa ningebishana naye wiki nzima kwa furaha. Kilichoniuma ni kuelewa.

Miezi mitatu ilipofika nikajaza karatasi. Nidhamu: nzuri. Kufika kazini: kwa wakati. Ujuzi. Hapo nikakaa na kalamu kwa muda, kisha nikaandika: "Hajui injini wala msukumo." Nikatia sahihi, nikagonga muhuri. Bwana Ahimbisibwe hakuisoma hata mstari, aliniamini. Goreti aliisoma amesimama mlangoni, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya mkoba wake. "Asante, muzee," akasema, akashuka ngazi. Nilijisikia mshindi, na ushindi ule ulidumu mpaka saa ya chai.

Kwaresima ile niliungama. Padri akauliza msukumo ni nini. Nilimweleza yote, gazi inakwenda nyuma, chombo kinakwenda mbele, breki hakuna, na nilipomaliza foleni ya waungamaji nyuma yangu ilikuwa imetawanyika. Akanipa Salamu Maria tatu tu, nadhani kwa uchovu. Akaniambia pia nikalirekebishe kosa langu kwa niliyemkosea. Hilo nililisahau kwa bidii.

Mchezo ukatoka. Wachezaji wakaanza kuandika, na kijana mmoja wa karakana akawa anatusomea. Mmoja aliuliza: "Kwa nini kila chombo kwenye mchezo huu kinahitaji gereji?" Nilijivunia swali lile siku nzima kabla ya kuelezwa kwamba ni lawama. Wengine waliuliza mbona vyombo vinasimama angani kana kwamba vimekanyaga matope. Mteja naye akatuandikia, safari hii bila habari za uhai. Alitaka toleo la pili lenye vyombo vinavyokwenda kama vyombo vya kweli. Akataka mtaalamu wetu wa msukumo aongoze kazi. Kama hatuna, kazi ataipeleka kwingine.

Watu wanane wakaniangalia. Nikasema tunaye, ni mimi.

Yaliyofuata ndiyo kesi ngumu kuliko zote nilizopata kazini, na mgonjwa alikuwa mimi. Kwanza nilifuta moshi wote, vyombo vikaonekana kama majeneza yanayoelea. Halafu nikatoa ile breki yangu ya siri, chombo kikakataa kusimama, kikapita kwenye kituo chake, kikapita kwenye sayari, kikatokea upande wa pili wa skrini na hatukukiona tena. Nikakumbuka habari ya kugeuza mgongo. Nikakigeuza, lakini nikasahau kukirudisha, kikamsogelea adui kwa makalio na kupigwa risasi. Nilijaribu hata kuchora kwenye kitambaa cha Afande. Wiki tatu zikapita, mteja akarudisha kila kitu.

Bwana Ahimbisibwe akafunga mlango wa ofisi yake. "Muzee Melkiori, mimi naongea na wewe kama mzazi. Kama hii kazi naondoka, hapa tunafunga, vijana wote wanaenda nyumbani. Hii kitu nani anajua?"

"Mwalimu Goreti," nikasema.

"Lakini wewe uliandika hajui."

"Niliandika."

Ni kijana mwenye adabu, na adabu yake ilinichoma kuliko matusi. "Kale," akasema. "Basi wewe ndiyo unaenda kumleta."

Nilipanda lori la dereva mmoja niliyemfahamu tangu siku za gereji. Kwenye mteremko mrefu akaweka gia huru, kama wanavyofanya wote. Miaka yote hiyo ningemkemea. Siku ile nilisikia injini ikipumua taratibu, haisukumi chochote, na lori likikimbia vilevile, nikashika dashibodi tu.

Goreti nilimkuta kisimani, kwenye pampu ya Rubondo, madumu yake mawili yakiwa kwenye mstari pamoja na ya watu wengine.

"Muzee Melkiori," akasema. "Foleni inaanzia kule nyuma."

Akanipa dumu moja. Nikaenda kule nyuma. Mama mmoja jirani yangu wa zamani akaniuliza kama nimerudishwa kwenye maharage. Nilisogea na dumu langu hatua kwa hatua, na nilipofika karibu yake, Goreti alinieleza yaliyompata bila kupandisha sauti. Ilitokea nafasi ya kufundisha fizikia kwenye shule ya sekondari humu makazini. Mkuu wa shule akaomba barua ya mwajiri wake wa mwisho.

"Nikamupa ile yako," akasema. "Sina nyingine. Diplome ni ya Kifaransa, hakuna anayeisoma. Ile yako ni ya Kiswahili, kila mutu anaisoma. Akaniuliza, mwalimu asiyejua msukumo atawaambia nini wanafunzi?"

"Ukamjibu nini?"

"Ningejibu nini, muzee? Iko na muhuri."

Sasa alikuwa akiuza unga wa mtama sokoni pamoja na dada yake. Niliona haya mpaka miguuni. Maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani, kwamba karakana inamhitaji na mteja anangoja, niliyameza yote. Nikamwambia nitaandika karatasi nyingine.

"Utaandika," akasema. "Lakini utamupelekea mkuu wa shule mwenyewe, na utamwambia kwa mudomo kwa nini uliandika ile ya kwanza. Tukitoka kule, ndiyo tutaongea mambo ya vyombo vyako."

Tukabeba madumu mpaka kwake. Niliandika karatasi mpya juu ya gunia la mtama, nikagonga muhuri niliokuwa nimeubeba mfukoni tangu Mbarara. Kumbe nilijua nakwenda kufanya nini hata kabla hajaniambia.

Mkuu wa shule ni mtu wa Isingiro, mzito wa maneno, mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa kwa uzi. Katibu wake alikuwa akichapa mitihani, na wazazi wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi wakingoja zamu. Akaziweka karatasi zangu mbili sambamba mezani.

"Hii inasema hajui," akasema. "Hii inasema anajua. Sahihi ni moja, muhuri ni moja. Sasa mimi niamini gani, muzee?"

"Ya pili."

"Na ya kwanza? Kwa nini uliandika?"

Goreti alikuwa amesimama karibu nami akiangalia dirishani. Nikatafuta namna ya kulisema ambayo ingeniachia heshima kidogo, sikuiona.

"Alinishinda mbele ya watu," nikasema. "Alisema ukweli, nikaumia, nikaandika uongo."

Katibu akaacha kuchapa. Mmoja wa wale wazazi akasema "eee" polepole. Mkuu wa shule akavua miwani, akaniangalia kama mtu anayetafuta ugonjwa wa gari bila kufungua boneti. Kisha akamwambia Goreti kwamba anasikitika, nafasi ile ameshampa mtu mwingine tangu mwanzo wa muhula.

"Sawa, mkuu," Goreti akasema, tukatoka.

Nje nilianza kuomba radhi upya, akanikatiza. "Nilijua nafasi imeisha. Nilitaka tu ayasikie." Tukatembea mpaka barabarani. Pale akaniuliza, chombo kile cha mizigo, bado kinapanda mlima?

Akaanza kazi Jumatatu. Tuligawana anga mimi na yeye kwa namna mnayoifahamu, kwa sababu ndiyo mnayoitumia hadi leo. Chombo kikiwa bado ardhini, kwenye sayari yenye hewa, moshi ni wangu, mwingi niutakavyo, na ugonjwa juu. Kikipanda na hewa ikianza kupungua, moshi unafunguka na kuwa mwepesi. "Hewa ikiisha, muzee, unashuka," alizoea kuniambia, na mimi nikawa nashuka. Kuanzia hapo ni mwanga mdogo wa Goreti kwenye mdomo wa injini, vijimoto vya pembeni vya kukigeuza chombo, na kimya. Kimya kile kilinitesa kuliko kitu kingine. Nilizoea kuipa kila injini sauti yake, na yeye alizifuta zote kwa kidole kimoja, akisema kule hakuna hewa ya kubeba sauti, atakayesikia ni dereva peke yake, ndani.

Mteja aliogopa kwamba bila mkia wachezaji hawatajua chombo kinaelekea wapi. Goreti alibishana naye miezi miwili kwa barua, kisha akakubali mstari mmoja mwembamba wa kibuluu, kwa anayeutaka tu. Na ninyi mnajua kilichotokea toleo la pili lilipotoka. Wakaandika watu wakiomba malori yao yarudishwe. Leo kwenye mchezo ule kuna kitufe, ukikibonyeza vyombo vyote vinaugua tena, vinatoa moshi, vinatikisika na kusimama katikati ya nyota. Ndiyo sehemu yangu kwenye historia ya safari za anga. Afande Bafaki hachezi bila kitufe kile. Anasema yeye ni askari, hawezi kufika kwa adui akiwa ametanguliza makalio.

Nilisema siandiki vyeo, lakini hiki si changu: baadaye Goreti alipewa uongozi wa karakana ya juu, na mimi nikawa chini yake mpaka macho yangu yalipokataa kutofautisha bluu na kijani. Alinisahihisha kila siku na hakunisahihisha hata mara moja mbele ya watu. Alinisubiri mpaka wengine washuke kunywa chai. Nilitamani mara nyingi anipigie kelele nipumzike.

Mwezi jana nilistaafu. Mstaafu mwenye maharage kama yangu anahitaji shughuli, na nimesikia kwamba shule ile ya sekondari imefungua darasa la ufundi wa magari na inatafuta mtu. Mkuu ni yuleyule. Nikapeleka maombi, akaniletea ujumbe: nije na barua ya mwajiri wangu wa mwisho, yenye sahihi ya aliyenisimamia. Nilipomweleza Goreti akasema, "Sawa, muzee." Kesho yake akanipa bahasha iliyogundishwa. Hakuniambia kilichomo, na sikuwa na uso wa kuuliza.

Sikuifungua. Niliishika njia nzima mpaka Nakivale, na kwenye ule mteremko dereva alipoweka gia huru nilikuwa nawaza maneno matatu tu, hajui injini wala, hajui injini wala. Angeyaandika, ningekuwa na la kusema? Angekuwa anarudisha kilichokuwa changu.

Mkuu wa shule amezeeka kidogo, miwani bado imefungwa kwa uzi. Katibu ni yuleyule pia. Akapasua bahasha, akasogeza karatasi mbali na macho, akaisoma kwa sauti, kwa sababu ndivyo anavyosoma kila kitu:

"Melkiori anajua moshi kuliko mtu yeyote niliyekutana naye. Msukumo alijifunza ukubwani, na alikubali kosa lake mbele ya watu. Anafaa kufundisha."

Akaiweka mezani. Akaniangalia juu ya miwani.

"Watu gani?" akauliza.

"Wewe, mkuu," nikasema. "Wewe na katibu, na wale wazazi wawili waliokuwa kwenye benchi."